Tafuta mtaa kabla ya nyumba: mwongozo kamili kwa familia inayohama Dar es Salaam

Dalali atakupeleka kuona nyumba saa nne asubuhi. Saa hiyo watoto wako shule, watu wazima wako kazini, baa ya kona haijafunguliwa, na mtaro umekauka. Saa nne asubuhi kila mtaa wa Dar es Salaam ni mtulivu. Mtaa unaofaa kulelea watoto unaonekana saa kumi na moja jioni: nani yuko nje, nani anawatazama watoto, bodaboda zinapita kwa kasi gani, na mtoto akianguka ni nani anayeinuka kwanza.

Kwa hiyo hapa tunageuza utaratibu uliozoeleka. Wengi hutafuta nyumba, kisha wanaupokea mtaa wowote uliokuja nayo. Sisi tunashauri uchague mtaa, uukague, uzungumze na watu wake, ndipo uulize kama kuna nyumba. Ukifanya kazi hii jioni na mwisho wa wiki, itakuchukua mwezi mmoja hadi mwezi na nusu, na gharama yake ni nauli. Gharama ya kukosea ni kodi ya miezi sita ambayo umeshailipa.

Anzeni na siku yenu, bei baadaye

Kaeni wawili na karatasi. Andikeni kila mahali ambapo familia inafika ndani ya wiki moja: kazini kwa kila mzazi, shule, msikitini au kanisani, kliniki, kwa bibi, sokoni. Mbele ya kila sehemu wekeni saa ya kutoka na saa ya kurudi. Karatasi hiyo ndiyo itakayowapunguzia mitaa ya kuzungukia, kabla hamjazungumza habari ya vyumba.

Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 katika mkoa huu, na sehemu kubwa yao huingia mjini kwa barabara nne: Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa. Zimeachana kutoka katikati kama vidole vya mkono, na njia za kuvuka kutoka kidole kimoja hadi kingine, kama Mandela na Sam Nujoma, ndizo zinazokula muda wa watu. Mfanyakazi wa uwanja wa ndege anayekaa Tegeta ana safari mbaya kuliko mwenzake wa Chanika, hata kama kilomita hazionyeshi hivyo. Kaeni kwenye barabara ileile inayoelekea kazini kwa yule anayerudi mapema kuwapokea watoto. Mwingine avumilie.

Pimeni safari siku ya kazi, mkitoka saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, kwa usafiri mtakaoutumia kweli. Hesabuni mwendo wa kutembea hadi kituoni, muda wa kusubiri daladala, safari yenyewe, gari la pili kama lipo, na jioni muweke bodaboda ya kuingilia ndani. Jumapili haipimi kitu. Likizo za shule pia hudanganya, kwa sababu magari ya wanafunzi hayapo barabarani. Anayevutiwa na Kigamboni aweke kwenye hesabu tozo ya Daraja la Nyerere kwa kwenda na kurudi, au foleni ya kivuko cha Magogoni, kisha azidishe kwa siku 22 za kazi. Bei nafuu ya nyumba za Kibada au Mjimwema mara nyingi huliwa na hesabu hiyo. Kwa anayefanya kazi ng'ambo hukohuko, ni moja ya chaguo bora jijini.

Kuhusu shule za mbali, tuna msimamo mkali kidogo. Gari la shule linalompitia mtoto saa kumi na moja alfajiri maana yake mtoto wa miaka sita anaamka saa kumi na kurudi amechoka asijue hata jina la jirani. Mtoto wa aina hiyo hana mtaa, ana kitanda. Kwa watoto wa awali hadi darasa la tatu, tafuta shule ya kutembea kwa mguu dakika 20 au isiyozidi nusu saa kwa gari, hata kama jina lake si kubwa.

Majina ya sehemu hudanganya

Mbezi Beach, Mbezi Juu na Mbezi ya Kimara, yaani Mbezi Luis, ni sehemu tofauti. Tabata Bima, Kimanga na Segerea kila moja ina barabara, maji na kelele zake. Ukisikia mtu anasema "Kimara pazuri", muulize Kimara ipi, kituo gani, kushoto au kulia kwa barabara, na unaingia ndani kwa umbali gani. Kipimo chako kiwe mtaa wa kiserikali wenye mwenyekiti na afisa mtendaji wake, na ndani ya mtaa huo, eneo la mita 300 kuzunguka nyumba. Hapo ndipo mtoto atakapoishi. Sifa za kata nzima hazimhusu.

Jambo jingine la kuangalia ni kama eneo lilipimwa. Sinza na Kijitonyama zilipangwa kwa viwanja miaka ya 1970. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulizaa maeneo kama Kibada, Mbweni, Bunju, Tuangoma na Buyuni. Kwenye eneo lililopimwa gari la taka linaingia, gari la zimamoto linaingia, na njia haifungwi ghafla na ukuta wa mtu. Lakini eneo lililopimwa na kujazwa kuta ndefu na mageti ya chuma laweza kuwa jangwa kwa mtoto, kwani hakuna anayemwona akipita. Manzese, Tandale au Keko ni kinyume chake: kila mtu anamjua mwenzake, mtoto hapotei, ila moto ukiwaka gari halifiki na mvua ikinyesha maji hayana pa kwenda. Familia nyingi za kipato cha kati hupata afadhali kwenye viwanja vilivyopimwa zamani, ambako nyumba zimezeeka kidogo, wenye nyumba bado wanaishi humo, na maduka yako chini ya nyumba za watu.

Maji ya mvua kwanza, ya bomba baadaye

Kati ya makosa yote, hili ndilo ghali. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na nyumba nyingi hutangazwa sana kati ya misimu hiyo, ardhi ikiwa kavu. Jiji linakatwa na Mto Msimbazi, Mto Ng'ombe, Kizinga, Mzinga, Mto Mbezi na Mto Tegeta, pamoja na makorongo mengi yasiyo na jina ambayo huwa mito kwa saa tatu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kusababisha wakazi wa mabondeni wahamishiwe Mabwepande. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka mto. Nyumba iliyo ndani ya mita hizo ina hatari mbili, maji na bomoabomoa. Ukiona alama ya X nyekundu ukutani, hata kama imepakwa rangi juu yake, ondoka. Kwa nyumba za kandokando ya barabara kuu, uliza mpaka wa hifadhi ya barabara unaishia wapi. Wakazi wa upande wa Kimara hadi Kibamba walibomolewa mwaka 2017 kwa ajili ya upanuzi wa Barabara ya Morogoro.

Nyumba yenyewe itakusimulia ukiisoma. Tazama mstari wa rangi ya udongo ukutani, hasa nyuma ya nyumba ambako hapapakwi rangi. Rangi mpya iliyoishia futi mbili au tatu kutoka chini inaficha kitu. Kizingiti cha tofali mbili mlangoni, soketi zilizohamishwa juu, na viroba vya mchanga kando ya ukuta ni dalili zilezile. Omba ndoo ya maji uimwage mlangoni uone yanakimbilia wapi. Kisha tembea hadi mahali pa chini kabisa pa mtaa uone kama mtaro una taka. Mtaro uliojaa chupa na mifuko utafurika hata kama hakuna mto karibu.

Muhimu vilevile: uliza kama watu hutapisha vyoo mvua inaponyesha. Kwenye maeneo ambayo gari la majitaka haliingii, au wakazi hawataki kulilipa, wapo wanaofungulia mashimo ya vyoo ili maji ya mvua yaondoke na uchafu. Maji hayo hupita palepale watoto wanapochezea. Jirani hatakuambia kwamba yeye hufanya hivyo, lakini atakuambia kama wa juu yake hufanya. Madimbwi nayo yaangaliwe, maana homa ya dengi iliyosumbua jiji mwaka 2014 na 2019 huenezwa na mbu anayezaliana kwenye maji yaliyotuama, tairi na makopo yakiwemo.

Upande wa bomba, fungua koki mwenyewe. Uliza maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, hutoka siku zipi na saa ngapi, na uulize kwa majirani wawili, si kwa mwenye nyumba peke yake. Kama ni kisima, onja na ujaribu kunawa kwa sabuni. Maji ya chumvi hayatoi povu, huharibu nguo na mabomba, na utalazimika kununua ya kunywa na ya kupikia. Familia ya watu watano hutumia lita 200 hadi 250 kwa siku bila anasa, kwa hiyo tangi la lita 1,000 linakuvusha siku nne. Mahali ambapo mgao huja mara moja kwa wiki unahitaji lita 2,000 angalau, au bajeti ya boza, gari la kuuza maji.

Ziara nne za mtaa mmoja

Mtaa uliovuka hatua za juu uutembelee mara nne, bila dalali.

Ya kwanza iwe alfajiri, kuanzia saa kumi na moja na nusu. Simama karibu na kituo. Hesabu wanafunzi wanaotembea kwa mguu, na uangalie kama wanatembea kwa makundi au mmojammoja. Angalia wanavukaje barabara kubwa na kama njia yao inapita korongoni.

Ya pili ni jioni kati ya saa kumi na moja na saa moja, nayo ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mtaa mzuri jioni una watoto wa rika mchanganyiko nje, wakubwa wakiwaangalia wadogo, na angalau watu wazima watatu au wanne waliokaa mahali wanapoona njia: mama wa vitumbua, fundi cherehani, wazee barazani, muuza genge. Ukiona watoto wengi na hakuna mtu mzima, hiyo si jamii, ni watoto walioachwa. Ukikosa watoto kabisa, jua ama wako ndani ya mageti ama wako shule za mbali. Tafuta pia uwanja. Kipande cha mchanga ambacho vijana wanapigia chandimu kina thamani kuliko bustani ya kwenye tangazo, mradi uulize kinamilikiwa na nani. Viwanja vingi vya wazi jijini ni viwanja vya watu ambavyo bado havijajengwa, na mwakani vitakuwa ukuta.

Ya tatu ni Ijumaa au Jumamosi, saa tano usiku. Nenda na mtu mwenzako. Sikiliza. Grosari iliyokuwa na meza mbili mchana huwa na spika nne usiku. Jua kama kuna ukumbi wa sherehe karibu, na kama nyumba ya ibada jirani ina mikesha yenye spika za nje. Tembea kutoka kituoni hadi kwenye nyumba unayoitazama: taa ziko wapi, vichaka viko wapi, kijiwe cha bodaboda kinaishia saa ngapi. Malalamiko ya kelele huanzia kwa mtendaji wa mtaa na yanaweza kufika halmashauri na NEMC, baraza la taifa la mazingira, lakini ni safari ndefu. Ni rahisi zaidi kutohamia hapo.

Ya nne ni saa moja au mbili baada ya mvua kubwa. Kama ni kiangazi na huwezi kusubiri, maswali ya sehemu inayofuata yatafidia kiasi.

Nani aulizwe, na aulizwe vipi

Ukimuuliza mtu "mtaa huu ni salama?" atakujibu ndiyo. Ni heshima kwa mgeni, na hakuna anayependa kuusema vibaya mtaa wake. Uliza matukio, usiulize maoni. "Mara ya mwisho kuibiwa huku ilikuwa lini, na waliiba nini?" Hapo utapata habari kamili, mpaka rangi ya jiko la gesi lililochukuliwa. Wizi wa nguo kwenye kamba na ndala mlangoni ni wa kawaida jijini. Wa kuvunja milango kwa makundi ni habari nyingine. Sikiliza pia mwisho wa hadithi: majirani walitoka, au kila mtu alifunga taa?

Mama wa genge ndiye mtu wa kwanza. Nunua kitu kwanza, fungu la nyanya au mchicha, umsalimie kwa adabu: "Shikamoo mama. Natafuta kuhamia huku na wanangu wawili. Masika maji hufika wapi hapa?" Kisha nyamaza. Akimaliza, muulize watoto wa hapa wanasoma wapi na wanarudi saa ngapi. Mwanamke aliyeuza mboga mahali pamoja kwa miaka anajua nyumba gani wapangaji hawakai na kwa nini.

Kwa mwenye duka, angalia daftari la madeni. Duka linalokopesha majirani ni ushahidi kwamba watu wanakaa muda mrefu na wanalipa. Duka lenye nondo na tangazo la "leo fedha, kesho mkopo" halimaanishi mtaa mbaya, ila linakuambia wapangaji ni wa kupita.

Kijana wa bodaboda ana swali lake: "Kaka, ukimshusha dada saa nne usiku huku ndani, unaondoka au unasubiri afungue geti?" Jibu lake litakueleza hali ya usiku kuliko ripoti yoyote. Mwulize pia saa saba usiku mtoto akiumwa atamfikisha hospitali gani na kwa bei gani.

Mwisho nenda ofisi ya serikali ya mtaa, siku ya kazi asubuhi. Uliza kama kuna ulinzi shirikishi na mchango wake kwa mwezi, nani anazoa taka na siku gani, na mkutano wa wananchi wa mwisho ulifanyika lini. Tazama ubao wa matangazo. Taarifa ya mapato na matumizi iliyobandikwa, hata kama ni ya zamani kidogo, ni dalili nzuri. Ofisi iliyofungwa mara mbili mfululizo siku za kazi nayo imekujibu. Kumbuka mwenyekiti huchaguliwa na wananchi na mtendaji huajiriwa. Mjumbe au balozi wa nyumba kumi ni wa chama, lakini mitaa mingi bado inamtumia kutambua watu, kwa hiyo jua ni nani.

Shule, kliniki na dei kea

Shule za msingi za serikali hazitozi ada. Michango ya uji, mlinzi au masomo ya ziada uiulizie kwa wazazi langoni. Uandikishaji wa watoto wa awali na darasa la kwanza kwa Januari huanza Oktoba, na utahitaji cheti cha kuzaliwa. Ukihamia Januari shule ikiwa imejaa, utapelekwa ya mbali. Uliza kama wanasoma kwa zamu mbili, kwani mtoto wa zamu ya mchana anarudi jioni na asubuhi yote yuko mikononi mwa mtu mwingine.

Dei kea idai cheti cha usajili cha ustawi wa jamii. Zipo nyingi zinazofanya kazi sebuleni kwa mtu bila karatasi. Ingia saa sita mchana bila kutoa taarifa uone watoto wanalala wapi na choo kikoje.

Zahanati iwe ya kutembea kwa mguu kwa ajili ya kliniki na chanjo. Kwa usiku, jua hospitali yako kubwa: Mwananyamala, Amana au Temeke, Palestina kwa watu wa Sinza, Vijibweni kwa Kigamboni.

Nyumba na wapangaji wenzako

Mtaa ukishapita, usirudi kwa dalali haraka. Mwambie mama wa genge, mwenye duka na kinyozi kwamba unatafuta vyumba viwili na sebule, na uache namba. Mpangaji anayehama humwambia jirani kabla ya kumwambia dalali, na nyumba nzuri hupita njia hiyo bila tangazo.

Kwenye nyumba ya wapangaji wengi, hesabu kaya, watoto na vyoo. Zaidi ya kaya tatu kwa choo kimoja ni ugomvi wa kila asubuhi. Uliza geti linafungwa saa ngapi, nani anafagia uwanja, na kama mwenye nyumba anaishi hapohapo. Akikaa hapo kero ndogo huisha mapema, ila ujue ataona wageni wako wote. Wenye nyumba wengine hawataki watoto, au hawataki wacheze uani. Lisemwe waziwazi mbele yake: "Baba, tuna watoto watatu, wanacheza na kupiga kelele jioni." Akikunja uso, shukuru na uondoke.

Luku ya kushea ndiyo chanzo kikubwa cha chuki kati ya wapangaji. Mteja mdogo wa TANESCO asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hununua kwa bei ya chini sana. Kaya nne kwenye mita moja huvuka kiwango hicho, na wote hulipa bei ya juu, mwenye friji na mwenye taa mbili pamoja. Dai mita yako, au angalau mita ndogo ya kusoma matumizi ya kila kaya. Kodi ya jengo nayo hukatwa kupitia Luku tangu 2021. Ni deni la mwenye nyumba, kwa hiyo mkubaliane itarudishwaje.

Kwa usalama wa watoto kagua vitu vitatu: mfuniko wa shimo la choo na wa kisima, ukingo wa ngazi na baraza la ghorofani, na nondo za madirisha. Nyumba ambayo madirisha yote yana nondo na mlango ni mmoja haina pa kutokea moto ukiwaka jikoni.

Pesa na mkataba

Kodi hulipwa kwa miezi sita au mwaka mapema. Udalali kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, na wengi hudai pia pesa ya kukuzungusha, iwe umepata au hujapata. Mkubaliane kiasi kabla ya kuanza kutembea. Kwa chumba kinachopangishwa 250,000 kwa mwezi, siku ya kuhamia jiandae hivi:

- kodi ya miezi sita: 1,500,000
- udalali, kama alikuwepo: 250,000
- usafiri wa vyombo, vitasa vipya, pazia na marekebisho madogo: 200,000 hadi 300,000
- akiba ya mwezi wa kwanza ambayo haiguswi: kodi ya miezi miwili

Jumla inakaribia milioni mbili na nusu. Anayehama na 1,600,000 mkononi atakopa wiki ya pili.

Utapeli uliozoeleka ni wa mtu kujifanya mwenye nyumba, au nyumba moja kupangishwa watu wawili. Kabla ya kutoa hata shilingi ya "kushikilia", ona hati, leseni ya makazi au mkataba wa mauziano, linganisha jina na kitambulisho cha NIDA, kisha waulize majirani wawili mwenye nyumba hii ni nani. Kama ni nyumba ya urithi, tafuta msimamizi wa mirathi. Ndugu watatu wanaogombea kodi watakutoa hata kama umelipa. Lipa kwa benki au kwa simu kwenda jina lililo kwenye mkataba.

Mkataba uandike kodi, muda, taarifa ya kuhama ni ya siku ngapi, nani anatengeneza nini, namba ya mita ya Luku, na deni la maji lililokuwepo. Piga picha kila chumba siku ya kukabidhiwa. Utiwe saini mbele ya ofisi ya mtaa. Hakuna chombo kinachoweka kikomo cha kodi, kwa hiyo ongezeko linalowezekana mwaka wa pili lijadiliwe sasa na liandikwe. Mgogoro ukishindikana mtaani huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Siku thelathini za kwanza

Wiki ya kwanza nenda ofisi ya mtaa na kitambulisho na mkataba, uingizwe kwenye daftari la wakazi. Siku utakapohitaji barua ya utambulisho kwa ajili ya benki, pasipoti au dhamana, hutakuwa mgeni. Wapeleke watoto nyumba za kushoto, kulia na mbele, wasalimie na wataje majina yao. Dada wa kazi naye atambulishwe vilevile. Yeye ndiye atakayekuwa nje na watoto, na mara nyingi anaujua mtaa kabla yenu.

Misiba usiikose. Ukisikia turubai limefungwa mtaa wa pili, nenda ukakae hata nusu saa na utoe kidogo ulichonacho. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kujulikana Dar es Salaam, na hakuna linalokumbukwa zaidi ya kutokuonekana. Kikundi cha WhatsApp cha mtaa ombeni kuingizwa kwa ajili ya taarifa za mgao, taka na mtoto aliyepotea. Siasa na biashara za humo mziache zipite. Vikoba na mchezo wa kupeana pesa ahirisha miezi mitatu, mpaka uone nani hutoa kwa wakati na nani hutafutwa nyumbani.

Watoto wajifunze jina la mtaa, namba ya nyumba iliyowekwa kwa anwani za makazi za 2022, na namba ya simu ya mzazi kwa kichwa. Wakubwa wajue 112 ya polisi, 114 ya zimamoto na 116 ya huduma kwa mtoto. Waonyesheni mpaka: hadi duka lile, hadi mti ule. Waambieni na watu wa mpaka huo, mwenye duka na mama wa vitumbua, kwamba mtoto akivuka arudishwe. Watafanya hivyo, na mara nyingine watamkaripia, nawe usikasirike mbele ya mtoto.

Mwezi wa nne fanyeni tathmini kabla ya kodi kuisha. Je, kuna nyumba mbili ambazo mtoto anaweza kuachwa saa mbili bila wasiwasi? Je, kuna mtu ambaye amewahi kuwagongea kuwaambia jambo bila kuombwa? Kama majibu ni hapana, angalieni kwanza ninyi wenyewe mmetoka nje jioni mara ngapi. Kama mmetoka na bado ni hapana, anzeni ziara za jioni kwenye mtaa unaofuata mwezi huohuo, na mwenye nyumba mpeni taarifa kwa maandishi kwa siku zilizotajwa kwenye mkataba.